Neno Ambalo Halikuwa Ukurasani

Shangazi yangu ndiye Mkristo pekee niliyemjua aliyekatazwa kusoma Biblia na watu wa Biblia wenyewe. Ile yake ya Kiswahili, yenye jalada jeusi lililochakaa pembeni, aliifunga kwa kitambaa akampelekea muuza mkaa wa nyumba ya tatu amtunzie.

"Nikija kuiomba, usinipe," alimwambia. "Hata nikilia."

Muuza mkaa akaipokea kwa mikono miwili, akanitazama mimi, akamtazama yeye, na kabla jua halijazama mtaa mzima ulikuwa umejua kwamba mama yule ameacha dini.

Hakuwa ameacha dini. Alikuwa amepata kazi.

Kazi yenyewe iliitwa kurudisha, na yeye aliitwa mrudishaji. Nitaieleza kama alivyonieleza mwenyewe. Watafsiri wanaitoa Biblia kwenye Kiebrania na kuitia katika lugha yetu ya nyumbani. Kabla haijachapwa, lazima ikaguliwe na mshauri anayetoka nchi ya mbali. Huyo mshauri Kiebrania anakijua, Kiswahili anakijua, ila lugha yetu haijui hata salamu. Sasa atajuaje kilichoandikwa? Hapo ndipo mrudishaji anapoingia. Anapewa ukurasa ambao hajawahi kuuona, anausoma kimoyomoyo kwa lugha yetu, na papo hapo anasema kwa Kiswahili kile alichokikuta, hivyo hivyo kilivyo, hata kama kimekaa upande. Mshauri anasikiliza na kulinganisha. Ndiyo maana mrudishaji haruhusiwi kujua watafsiri walibishania nini, wala kuchungulia Biblia nyingine, asije akasema anachokijua badala ya anachokiona.

Walimchagua kwa sababu ya kazi yake ya kwanza. Tangu ujana wake hadi alipostaafu alikuwa mkalimani mahakamani. Mwizi akitukana, hakimu alilipata tusi zima na mkia wake. Shahidi akigugumia, shangazi naye aligugumia. Walimpa jina la Bomba, na alilipenda. "Maji yanapita," alikuwa akisema, "bomba halinywi." Aliposhtakiwa kijana wa jirani yetu, aliyezoea kula kwetu, na akajichongea kwa mdomo wake mwenyewe, shangazi aliyapitisha maneno yake moja moja mpaka yakamfikisha jela. Mama wa yule kijana hakumsalimia tena.

"Leo ningempunguzia huyu," shangazi alisema, "kesho ningemwongezea nani?"

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Hata nyumbani, ukimletea maneno ya mtu alikuuliza: "Alisema hivyo, au wewe ndiye unayesema alisema hivyo?" Ukisitasita, amekukamata.

Mdogo wake wa mwisho, ambaye mimi namwita baba mdogo, ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko pale kona, ubavuni mwa duka la saruji na mabati: cherehani ya kukanyaga, pasi ya mkaa, na kioo kirefu kilichopasuka chini, kwa hiyo kila mteja hujiona hana miguu. Hajaoa. Anatembea taratibu, anaongea taratibu, na mikono yake anaipaka mafuta isikwaruze vitambaa vya watu. Kanisani ndiye aliyeongoza kwaya ya vijana na kuishonea sare.

Halafu Jumapili moja mzee mmoja wa kanisa alisimama kusoma. Alichagua ule mstari wa Torati unaosema watu gani wasionekane kati ya wana wa Israeli. Alipofika kwenye neno hanithi akanyamaza, akainua macho, akamtafuta baba mdogo kwenye safu za kwaya, akampata, ndipo akaendelea. Baba mdogo aliimba wimbo uliofuata mpaka mwisho, akavua joho, akalikunja, akaliweka juu ya benchi na kutoka. Tangu siku ile watoto wa mtaani wanamfuata na neno hilo kama kuku wanavyomfuata mwenye punje.

Kama walichomdhania ni kweli au si kweli, mimi sijui. Nyumbani kwetu hakuna aliyeuliza. Kila Jumapili alikuja kula, na nilikuwa namtazama shangazi akimpakulia. Naona midomo inataka kufunguka, inafunguka, kisha inasema, "Ongeza mchuzi."

Habari ya tafsiri mpya ilipofika, baba mdogo alisema neno moja tu, akiwa amesimama mlangoni na sahani mkononi.

"Kitabu chenu kikitoka, nitafungua mstari ule kwanza. Nikilikuta neno lile humo, kwa lugha ambayo mama alinibembelezea, cherehani naibeba. Mji si huu peke yake."

"Mimi siruhusiwi kuzungumzia hilo," shangazi akasema.

"Sijakuomba uzungumze, dada. Nakuarifu."

Hakuwa mtu wa kutisha bure. Nilimwona siku hizo akipunguza kazi. Kazi za kuchukua muda mrefu alikuwa hazipokei tena.

Ofisi ya tafsiri ilikuwa ghorofani, juu ya duka la viatu. Watafsiri walikuwa wawili, na hawakupatana hata kwenye dirisha. Mmoja akilifungua, mwingine analifunga. Wa kwanza ni mchungaji mstaafu, tuliyemwita Mzee Zamani kwa sababu kila hoja yake ilianza na "tangu zamani". Wa pili ni kijana mwenye shahada ya Kiebrania, tukamwita Kamusi. Mimi waliniita kuwa msikilizaji. Kila sura ikiisha kuandikwa husomewa kwanza watu wa kawaida wasio na vitabu vichwani, halafu wanaulizwa wameelewa nini. Mimi niliishia darasa la tano. Kwa kazi hiyo, hicho ndicho cheti. Mwenzangu alikuwa mlinzi wa jengo.

Kwa hiyo niliyasikia yale ambayo shangazi alikatazwa kuyasikia. Jioni narudi nyumbani, tunakaa meza moja, nami nimeyafunga mdomoni. Alikuwa ananitazama ninavyotafuna.

Siku walipofika kwenye mstari ule, Kamusi alisoma walivyouandika: asiwepo mtumishi wa kiume wa hekalu la miungu. Akatuuliza tumeelewa nini.

"Kwamba mtu asipeleke kijana wake kuajiriwa kwenye hekalu la wengine," mlinzi akajibu.

"Umesikia!" Mzee Zamani akapiga meza. "Dhambi imeyeyuka kama sukari kwenye chai! Kuajiriwa! Kesho atauliza na mshahara."

"Baba," Kamusi akasema, "neno lenyewe la Kiebrania shina lake ni lile lile la utakatifu. Ni mtu aliyetengwa kwa ajili ya mungu fulani. Wapo wataalamu wanaosema hao walikuwa wakifanya ukahaba hekaluni. Wapo wanaosema ushahidi wa ukahaba huo haupo. Kwenye habari za wafalme tunaambiwa walikuwa na vyumba ndani ya hekalu. Walifanya nini humo, hatujui."

"Hatujui?"

"Hatujui, baba."

"Tangu zamani tulikuwa tunajua. Ninyi mmekwenda chuo, mmerudi na hatujui. Sasa hicho chuo kilikuongezea nini?"

Mlinzi akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Kamusi naye akacheka, lakini masikio yalimwiva. "Kilinionyesha mahali pa kunyamaza," akasema.

Walibishana mpaka Mzee Zamani akaweka sahihi yake. "Naweka kwa kuchoka," alisema, "si kwa kukubali." Kisha, tukiwa tunashuka ngazi, akanishika bega.

"Wewe mkimya. Yule fundi wa pale kona ni nani wako?"

"Baba mdogo."

"Na mrudishaji?"

"Shangazi."

Akasema "Ahaa." Ilikuwa ahaa ndefu, ilishuka ngazi zote pamoja nasi.

Kuanzia hapo sikuona mtu aliyemtazama mwenzake sawasawa. Mzee Zamani alianza kupita njia ya kona ingawa kwake ni upande mwingine. Huko akamkuta Kamusi, mara amesimama mbele ya kioo kisicho na miguu akipunguziwa suruali, mara ameketi kwenye kigoda anaongea. Nami nilimwona Mzee akiona. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwetu.

Shangazi alimkaribisha kiti na chai. Mzee alikoroga bila kunywa.

"Mama, umri wetu si wa kuzungukana," akaanza.

"Basi usinizunguke, Mchungaji. Pita katikati."

"Kuna mahali katika kazi ambapo damu yako imo. Mahali penyewe sikuambii, ni kanuni. Lakini mimi nikiwa wewe ningejiondoa. Mtu hawezi kumpimia ndugu yake nafaka na watu wasimtazame mkono."

"Wautazame. Ndiyo maana ya kipimo."

"Kijana yule na ndugu yako wanakaa pamoja. Umewaona?"

"Mchungaji, umekuja kuniuliza au kuniambia?"

"Nimekuja kukusaidia usije ukaaibika."

Shangazi akasimama, akachukua kikombe kilichojaa, akakimwaga polepole kwenye beseni la vyombo. Kwake hayo yalikuwa matusi makubwa kuliko yote niliyowahi kumsikia akiyatafsiri. "Nimepitisha maneno ya wauaji," akasema. "Hakuna hata moja lililobaki kwangu wala lililotoka kwangu. Siku ya ukaguzi nikae mbele ya mshauri, nawe ukae, mwenye macho aone."

Mzee alipoondoka, shangazi alinigeukia. "Ni mstari upi?" Kabla sijafungua kinywa akaweka kiganja mbele ya uso wangu. "Usiniambie! Nyamaza. Hata kwa macho usiniambie." Nikaangalia sakafu. Lakini alikuwa ameshaanza kudhani, na dhana ikishaingia haina mlango wa kutokea.

Jumapili baba mdogo alikuja kama kawaida, ila sahani hakuigusa.

"Yule kijana wa ofisini kwenu," akasema, "kila mara suruali hii, suruali ile. Binadamu gani anakonda kwa kasi hiyo? Mmemtuma?"

"Sijamtuma mtu."

"Anauliza watoto wananiitaje. Anauliza wakubwa wananiitaje. Anauliza kama najibu."

"Unajibuje?"

"Namwambia mimi ni fundi." Akaisukuma sahani kidogo. "Dada, kama umekwenda kule kuniombea neno, acha. Sitaki neno la kuombewa. Kama halimo, liwe halimo kwa sababu halimo."

"Sijakuombea kitu."

"Utasemaje tofauti? Wewe ni bomba."

Sikuwahi kumsikia akilitamka jina lile. Shangazi naye alilisikia jinsi lilivyotamkwa, akaenda kuosha vyombo ambavyo havijatumika.

Siku ya ukaguzi alivaa nguo zake za mahakamani: sketi nyeusi, blauzi nyeupe iliyofungwa mpaka shingoni. Chumbani tulikuwa mshauri na kompyuta yake, Mzee Zamani upande mmoja, Kamusi upande mwingine, mimi na mlinzi kwenye benchi la ukutani, maana wasikilizaji nao huulizwa mwishoni. Mshauri alikuwa mtu mnene mpole aliyeongea Kiswahili cha vitabuni. Akatukumbusha kanuni: mrudishaji akisema, hakuna kukohoa kwa maana, hakuna kutikisa kichwa. Nani anaongea? Anayeulizwa.

Shangazi akaanza. Jamani, alikuwa fundi. Anasoma mstari kwa macho, midomo haitikisiki, kisha Kiswahili kinatoka kilichonyooka, bila kupamba. Palipokuwa na maneno mabaya ya kwetu, aliyatoa na ubaya wake. Mshauri aliandika kwa kuridhika. Mzee Zamani alikuwa amemkazia macho mkononi, kama aliyesubiri aone anachomoa kitu kwenye mkono wa blauzi.

Akafika. Akausoma mstari kwa macho kama mingine yote. Hakusita. Kisha akasema, kwa sauti ile ile tulivu, kwamba kati ya binti za Israeli asiwepo mtumishi wa kike wa hekalu la miungu, wala hanithi asionekane kati ya wana wao.

Kalamu ya Kamusi ilianguka, ikaviringika mpaka miguuni pangu. Hakuna aliyeiokota. Mlinzi alinifinya. Mzee Zamani alifunua kinywa, akakumbuka kanuni, akakifunga kwa mkono.

Mshauri aliacha kuandika. "Samahani. Mliniandikia kwamba mmekubaliana kuweka mtumishi pande zote mbili. Hapa nasikia neno la zamani. Nani amebadilisha?"

"Mzee!" Kamusi akasimama. "Mzee, uliingia kwenye ukurasa!"

"Mimi? Mimi niliyeweka sahihi?"

"Kwa kuchoka! Ulisema mwenyewe!"

"Na wewe unayekwenda kuvuliwa suruali pale kona, mnapanga nini?"

"Kupunguziwa, si kuvuliwa! Na nilikwenda kusikia neno linavyotumika mtaani. Ndiyo kazi yangu, baba, maneno!"

"Angalieni kurasa zenu," mshauri akasema.

Wakaangalia. Kila mmoja alikuwa na nakala yake. Nikaona kidole cha Mzee kinapita chini ya mstari, kinasimama, kinarudi kupita tena. Kisha wote wawili, ambao hawakuwahi kukubaliana, wakainua vichwa pamoja na kumtazama shangazi.

"Hapa imeandikwa mtumishi," Mzee akasema taratibu.

"Nimesema kilichoandikwa," shangazi akajibu.

"Mama, hebu rudia," mshauri akamwomba.

Akautazama ukurasa. Nilimtazama macho: yalikwenda kushoto, yakaja kulia, yakafika mwisho. Akasema tena, vilevile. Hanithi. Na safari hii alilisema kwa nguvu zaidi, kama mtu anayeshutumiwa uongo.

Mimi nilitaka ardhi inimeze kwa niaba yake. Wala nisifiche, nilimshuku. Nilidhani ameamua. Nilidhani anataka kumwonyesha Mzee Zamani kwamba hampendelei ndugu yake, hata ikibidi kumchinja.

Mshauri alichukua bahasha tupu iliyokuwa mezani, akaenda kusimama nyuma ya shangazi, akaufunika ukurasa wote. Akaivuta bahasha kidogo mpaka likaonekana neno moja tu katikati ya mstari.

"Anzia hapa. Usianzie mwanzo."

"Mtumishi," shangazi akasoma.

Akaivuta tena.

"Wa kiume."

Tena.

"Wa hekalu…"

Hakumaliza. Aliweka kidole juu ya neno, akalipapasa kama anayetafuta doa la wino. Kisha akageuka taratibu, akamtazama mshauri, akamtazama Kamusi. Kwenye benchi letu macho yake hayakufika.

"Halipo," akasema.

"Halipo, mama."

"Nimelisema mara mbili."

"Mara mbili."

Mshauri akavuta kiti karibu naye. Alisema jambo hilo huwapata warudishaji waliokariri sana utotoni. Jicho likiona mwanzo wa mstari, kumbukumbu inaupokea na kukimbia nao. Nayo haiwapati wengine, alisema, ila hao wanaoijua Biblia kwa moyo. Alilisema kwa kumfariji.

"Niliukariri nikiwa mtoto," shangazi akasema. "Torati nzima, sura kwa sura. Nilipewa zawadi ya kitana." Akajaribu kucheka. "Nilifunga kitabu kwa kitambaa nikampelekea muuza mkaa."

Hapo Mzee Zamani alishindwa kujizuia. "Mnaona? Mnaona! Mstari umejirudisha wenyewe. Huwezi kulitoa neno lililomo kwenye damu ya watu. Mama huyu, dada wa… mama huyu mwenyewe, mwaminifu kuliko sisi sote, kinywa chake kimekataa. Rudisheni neno la watu!"

"Mrudishaji ametuonyesha kilichomo kichwani mwake," mshauri akasema. "Mimi nimekuja kukagua kilichomo ukurasani. Ukurasa unabaki, na chini yake mtaandika kwamba maana haijulikani kwa hakika."

"Na asubuhi yote niliyosema, ifute," shangazi akasema.

"Tutafuta mstari mmoja tu, mama."

"Yote. Kama pale sikujisikia, utajuaje kwingine? Mahakamani mkalimani akitia neno lake kinywani mwa shahidi, anashuka." Akavua miwani yake, akaitia kwenye mkoba, akasimama. "Tafuta asiyejua kitu."

Mzee Zamani alimfuata mpaka mlangoni. Nilikuwa nyuma yake, nikaona yote. Shuku yote ilikuwa imemtoka usoni. Alimpa mkono, akaushika kwa mikono yake miwili, akautikisa kwa furaha, kama anayempokea mtu wa nyumbani aliyekuwa amepotea.

"Nilikudhania vibaya, mama," akasema. "Kumbe tuko pamoja."

Shangazi aliutoa mkono wake polepole. Ngazini alishika ukuta. Maisha yangu sikuwahi kumwona akishika ukuta.

Chini, mlinzi alikuwa ametutangulia na tayari yuko kwenye simu, mgongo ametugeuzia. "Dada yake mwenyewe, nakwambia! Mbele ya mgeni!" Shangazi alimsikia. Hakumkaripia, alikaza mwendo. Nikajua tunakwenda wapi. Habari na sisi tulikuwa tunashindana, nayo haina magoti.

Baba mdogo alikuwa anashona mfuko wa koti. Alipotuona na nguo zile za mahakamani, mguu ukasimama kwenye kanyagio.

"Limo?" akauliza.

"Ukurasani halimo."

Akapumua. Akataka kuendelea kushona, lakini shangazi alikuwa bado amesimama.

"Nimelisema mimi," akasema.

"Umesema nini?"

"Neno lile. Ukurasa umeandikwa mtumishi, nami nikasema lile. Nikaambiwa nirudie, nikalisema tena. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenilazimisha. Lilikuwa kwangu."

Mbele ya duka la saruji wabebaji wawili walikuwa wamekaa juu ya mifuko. Waliacha kuongea. Baba mdogo aliukata uzi kwa meno, akautazama mfuko wa koti ndani na nje.

"Kwa nini unaniambia?"

"Kabla mtaa haujakuambia."

"Mtaa ungesema umenitukana."

"Na wewe unasemaje?"

"Miaka yote hii," akasema, "unanipakulia chakula, mimi najiuliza: huyu dada akinitazama anamwona nani? Nilikuwa nadhani unajilazimisha. Mara nadhani unanihurumia. Leo nimejua limo. Afadhali kujua."

"Sikujua kama limo."

"Hilo nalo naliamini, ndiyo ubaya wake."

Shangazi akaitazama cherehani. "Utabeba cherehani?"

Akaugusa mkono wa gurudumu la cherehani, akauzungusha kidogo mbele, kidogo nyuma. Mimi nilitazama mikono yake, kwa kuwa uso wake ulikuwa umefungwa.

"Nilisema nikilikuta kitabuni," akasema. "Kitabuni halimo. Mimi nikisema kitu nimekisema." Kwa mguu akakisukuma kigoda cha wateja. "Kaa."

Akakaa, na sketi yake nyeusi, magoti juu.

"Sasa sema kilichoandikwa."

"Hapa?"

"Lile lingine hukulisemea uvunguni. Sema. Kwa lugha yetu, kisha kwa Kiswahili, kama kazi yako."

Akausema mstari kwa lugha yetu, vizuri. Akaanza kwa Kiswahili, akafika katikati, akasimama. Nikaona midomo yake inataka kujiendea. Aliishika kwa nguvu. "Mtumishi," akasema. "Wa kiume. Wa hekalu la miungu."

Wabebaji walikuwa wanatusikia. Mama mmoja aliyekuja na gauni la kutiwa zipu akasimama pembeni, hakujua aingie au arudi.

"Tena," akasema baba mdogo, akaanza kukanyaga.

Shangazi akausema tena, juu ya kelele za cherehani.

"Tena."

Akausema. Safari hii hakusimama kabisa, au mimi sikusikia akisimama. Baba mdogo aliinamisha sikio bila kuacha kazi, jinsi shangazi mwenyewe alivyokuwa akitusikiliza nyumbani tulipomletea maneno ya watu.

"Bado unavuta pumzi kabla ya kufika pale," akasema. "Tena."